Steringi Hafi: Historia ya Miisho Ambayo Kila Mtu Anaijua

Aliyekulia Musoma au Bunda enzi za deki na mikanda aliijua sheria ya kwanza ya picha kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atarushwa kutoka darajani, adui atamzunguka na bunduki pande zote, lakini mwisho wa picha atakuwa amesimama. Aliyeingia kwenye kibanda cha video kwa kuchelewa aliuliza jambo moja tu: "Steringi nani?" Akishaonyeshwa, alikaa akatulia.

Ndiyo maana picha zilizoivunja sheria hiyo ndizo zilizobaki vichwani. Sholay, Titanic, Bruce Lee akiruka kuelekea mitutu ya bunduki. Miisho yao imekuwa mali ya umma, na hata asiyewahi kuketi mbele ya skrini anaweza kukusimulia. Huko Ulaya na Marekani watu hugombana kwa sababu ya kutoboleana mwisho wa filamu. Huku mkoani Mara historia imekwenda njia nyingine, na naamini njia hiyo ina heshima yake: hadithi nzuri tumeiendea tukiwa tunaujua mwisho, ili tuone itafikaje huko.

Turudi nyuma. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mwenye umri wa miaka 12, alitolewa Butiama akapelekwa kusoma Shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka uliofuata, mbali na hapo, katika milima ya Usambara, kikundi cha Waingereza kilipiga kambi Vugiri na kuanza kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Mradi huo wa majaribio ulidumu hadi 1937. Picha zake zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, sauti ikitoka kwenye santuri. Zilifundisha kuhusu minyoo, kilimo, na akiba ya posta: aliyefukia fedha zake anaibiwa, aliyezipeleka posta anabaki nazo.

Mwisho wa picha kama hiyo uliujua kabla mashine haijawashwa, na hapo ndipo penye kasoro, kwa kuwa njiani hapakuwa na kitu. Watengenezaji wengi wa filamu za kikoloni waliamini kuwa Mwafrika atachanganyikiwa akipewa hadithi yenye mizunguko. Walikuwa wakiwapigia picha watu waliolelewa na hadithi za sungura, ambazo bila hila ya mwisho hazina maana. Mtoto wa Kizanaki, Kikurya au Kijita alishasikia jinsi fisi alivyodanganywa mara nyingi, na bado aliiomba hadithi ileile jioni inayofuata. Alikuwa hodari wa mizunguko kuliko waliokuwa wakimhurumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja picha zilizochezwa na Watanganyika wenyewe kwa Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu, mchezaji mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Kumbuka jina hilo, maana mgeuko mkubwa kuliko wote aliouonja ulitokea nje ya skrini. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Julius Nyerere, yule mtoto wa Butiama, alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama. Nchi ilipigwa butwaa, na kiti chake kikachukuliwa na Kawawa. Yule aliyekuwa steringi wa picha akawa waziri mkuu, na yule ambaye kila mtu alimdhania kuwa steringi wa hadithi nzima akatoka jukwaani kwa hiari yake. Desemba mwaka huohuo akarudi akiwa Rais wa Jamhuri. Mwandishi wa filamu akikuletea kisa kama hicho utamwambia ametia chumvi.

Katikati ya mambo hayo yote Nyerere alikuwa akitafsiri Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa 1963, na mwaka 1969 akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari baada ya kuipitia. Nimeufikiria sana uchaguzi huo. Kati ya tamthilia zote, mtu wa Butiama aliichagua ile ambayo mwisho wake unajulikana kuliko zote. Kila anayeifungua anajua Kaizari atachomwa visu na marafiki zake. Shakespeare mwenyewe hafichi: mpiga ramli anaonya, mke wa Kaizari anaota ndoto ya damu, mtu mwingine anampa barua yenye majina ya wauaji na Kaizari haisomi. Kisha anakufa sehemu ya tatu kati ya tano. Steringi amekufa na picha imebaki nusu!

Hapo ndipo hadithi inapoanza kuuma. Brutus, mmoja wa wauaji, anapanda mbele ya umati, anaeleza kwa nini wameua, na umati unakubali kiasi cha kutaka kumjengea sanamu. Anashuka. Anapanda Antony, rafiki wa marehemu, na maiti mbele yake. Hawatukani wauaji, anawasifu, anawasifu tena, na kila sifa inaondoa kitu mpaka watu walewale wanakwenda kuchoma nyumba za Brutus na wenzake. Njiani wanamkuta mshairi mwenye jina linalofanana na la mmoja wa wauaji, wanamuua. Mgeuko wa kweli wa tamthilia hii umo ndani ya umati, na mtafsiri wake alikuwa mtu aliyeishi kwa kuhutubia umati. Mwezi Januari 1964, tafsiri ikiwa bado mpya, askari wa Tanganyika Rifles waliasi na Rais akalazimika kujificha. Sisemi alitabiri. Nasema alijua hadithi ya aina gani ilistahili kuwekwa mikononi mwa taifa changa.

Mabepari wa Venisi ilifuata mwaka 1969. Nayo ina moja ya migeuko mikongwe inayojulikana duniani: Shylock amenoa kisu, sheria iko upande wake, ratili ya nyama ni haki yake, mpaka wakili kijana anapomkumbusha kwamba mkataba hautaji damu. Wakili huyo ni mwanamke aliyejigeuza mwanamume. Mtazamaji anajua hilo tangu mwanzo, mume wake aliyesimama kando ndiye asiyejua, na raha yote imo katika pengo hilo.

Pengo hilohilo ndilo lililowafanya Watanzania waipende sinema ya Kihindi. Katika Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi ndiye baba wa kijana mhalifu aliye mbele yake. Watazamaji tunalijua mapema, yeye halijui, na saa nzima tunatamani kumpigia kelele. Katika Mother India ya 1957 mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe. Na Sholay, iliyotoka Agosti 1975, ina sarafu. Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, kila mara anarusha sarafu kuamua nani afanye nini, na ndivyo anavyobaki peke yake kwenye daraja kupambana na majambazi ili rafiki yake Veeru aondoke. Anapokufa, Veeru anaiokota sarafu na kuona pande zote mbili zinafanana. Rafiki yake alikuwa akichagua hatari kwa hiari tangu mwanzo. Kwa maoni yangu hakuna mgeuko wa Hollywood unaoufikia huu, kwa sababu ukishaujua, kila sarafu iliyorushwa tangu mwanzo wa picha inabadilika maana. Ukiitazama mara ya pili unalia mapema zaidi.

Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994 tu, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Pengo hilo lilizibwa na redio na kibanda. Redio ilileta Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye wanawake katika kila kituo. Mkewe, Tunu, alimwacha. Mkwaju akaugua UKIMWI akafa. Hakuna aliyehitaji kutabiriwa mwisho huo. Katika mji kama Bunda, ambako malori ya barabara ya Mwanza na Sirari hupita usiku na mchana, kila msikilizaji alimjua Mkwaju wake.

Kibanda umiza kilikuwa jambo jingine: mabenchi, turubai au mabati, televisheni juu ya meza, spika mbili. Lugha za picha hazikueleweka, hivyo akatokea mtu wa kuzisema. Uganda wanamwita VJ. Kwetu tulimwita DJ, na jina lililotangulia mengine ni la Derek Mukandala, yule Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya picha na kusafiri kwenye mikanda nchi nzima. Baada yake wakaja kina DJ Murphy na DJ Mack, na Kenya ikampata DJ Afro. Wenye filamu hawakulipwa, na jambo hilo ni kosa ambalo sitalipamba. Lakini kama sanaa ya usimulizi, sioni kitu kilichoibuka enzi hizo chenye nguvu kama hiyo.

Msimulizi huyo ameshaitazama picha. Anaujua mwisho, na hajifanyi haujui. Anamsema steringi, anamsema adui, anamsema mama wa adui, kisha anatoka nje ya picha na kukugeukia wewe: mwangalie huyu anayecheka, atamsaliti mwenzake sasa hivi. Usaliti ukifika, kibanda kizima kinapiga kelele za hasira, na hasira hiyo ni ya kweli ingawa wote walionywa. Hollywood ilienda kinyume: Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960 aliagiza asiingizwe mtazamaji baada ya picha kuanza, kwa vile steringi wake wa kike anauawa bafuni kabla ya nusu. Katika The Empire Strikes Back ya 1980, siri kwamba Darth Vader ni baba wa Luke ilifichwa hata kwa mwigizaji aliyevaa vazi lile jeusi. Alipewa maneno ya uongo ya kusema, na maneno ya kweli yakawekwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones. Hiyo nayo ni sauti ya mtu mwingine juu ya picha. Tofauti ni kwamba yule wa Hollywood alitunza siri, na wa kwetu aligawa.

Bongo Movie ilipokuja, baada ya mwaka 2000, ilijifunza kukata hadithi penye joto na kuuza sehemu ya pili kwenye diski nyingine. Watu walilalamika, nami nawaelewa, kwani mara nyingi sehemu ya pili haikuwa na hadithi ya kutosha. Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, jirani zetu wa Kanda ya Ziwa, aliwafanya watu wainunue hata hivyo. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Waliozoea kumwona akifa kwenye picha moja na kuamka kwenye nyingine walikataa kuamini kwa siku kadhaa.

Kuhusu Titanic, mabishano ya dunia ni kama Jack angeweza kupanda kwenye ule ubao pamoja na Rose. James Cameron mwenyewe alifanya majaribio, yakaonyeshwa 2023, na akakubali kwamba huenda angepona. Ni mjadala wa kufurahisha mahali pengine. Kandokando ya Ziwa Victoria picha hiyo ilifika muda mfupi baada ya meli ya MV Bukoba kupinduka karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, na kuua watu zaidi ya 800. Walioitazama Musoma walijua maji yanafanya nini kwa meli iliyoelemewa. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko chenye jina la Nyerere kikazama karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Siku mbili baadaye, wakati watu wakipokea maiti, fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Mwandishi gani angethubutu?

Waganda wametuachia picha inayonifurahisha kuliko zote katika habari hii. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex?, na nakala iliyoenea duniani ina sauti ya VJ Emmie akihimiza, akitania, akiwatambulisha makomando. Kapteni anakutwa amekufa, jina la picha linauliza nani kamuua, na picha inakwisha bila kujibu. Wapo wanaoliona hilo kuwa udhaifu. Mimi naona Nabwana aliwajua watazamaji wake. Kuanzia Wakaliga mpaka Nyasho ya Musoma, picha ikiisha bila jibu watu hawaendi kulala; wanasimama mlangoni mwa kibanda wakimtafuta muuaji, na kesho asubuhi kuna atakayekuja kudai ana ushahidi.