Melatonini: homoni ya usiku yatafutiwa kazi kwenye ubongo wa mtoto mchanga

Mwaka 1917 watafiti wawili wa Marekani, Carey McCord na Floyd Allen, waliwalisha viluwiluwi tezi ya pineali iliyotolewa kwenye ubongo wa ng'ombe. Haikupita saa moja viluwiluwi wakapauka hata viungo vya ndani vikaonekana kwa nje. Tezi hiyo, ndogo kama punje ya mchele, imejificha katikati ya ubongo na ilikuwa imewashughulisha wasomi tangu enzi za Wagiriki. René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba ndiyo makao makuu ya roho. Viluwiluwi wale walionyesha kwamba ndani yake mna kemikali yenye nguvu. Ni kemikali gani, hakuna aliyejua.

Ilipita miaka 40 kabla jibu halijapatikana, nalo lilitoka kwa daktari wa ngozi. Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale alikuwa akitafuta dawa ya vitiligo, ule ugonjwa unaoacha mabaka meupe mwilini. Aliwaza kwamba kinachobadili rangi ya ngozi ya chura huenda kikabadili na ya mtu. Yeye na wenzake walichambua tezi za ng'ombe kwa maelfu, na mwaka 1958 wakatangaza kuwa wameipata kemikali hiyo. Lerner aliiita melatonini. Wagonjwa wa vitiligo hawakunufaika, kwa maana ngozi ya binadamu haikuijali hata kidogo. Waliopewa walichopata ni usingizi.

Tangu hapo historia ya homoni hii imekuwa ya watu kutafuta hili wakakuta lile. Miaka ya 1960 Julius Axelrod, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa utafiti wake juu ya mawasiliano ya neva, alifuatilia pamoja na wenzake jinsi tezi inavyoitengeneza melatonini kutokana na serotonini. Ikabainika kuwa kazi hiyo hufanyika gizani na mwanga huikatiza. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake wakathibitisha kwamba hata kwa binadamu mwanga mkali wa usiku huizima. Melatonini ikajulikana kama homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia.

Habari ya kulinda ubongo ilishika kasi mwaka 1993 huko San Antonio, Texas. Kundi la Russel Reiter, akiwemo Dun-Xian Tan, lilionyesha kwamba melatonini hunasa chembe haribifu za oksijeni, zile ambazo seli huzizalisha kila inapochoma chakula kupata nguvu. Ubongo ndio unaoathirika zaidi na chembe hizo. Una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote, na seli zake zimejaa mafuta yanayoharibika upesi. Dawa nyingi hugota kwenye kizuizi kinachoulinda ubongo dhidi ya vitu vilivyomo kwenye damu, ilhali melatonini hukipenya bila shida. Mwaka 1997 watafiti wengine waliripoti kwamba inaziokoa seli za neva zilizowekwa maabarani pamoja na amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer.

Biashara haikusubiri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 ilikuwa imeruhusu virutubisho kuuzwa bila masharti yanayozibana dawa, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu kilichoiita melatonini muujiza. Wagonjwa wenyewe walikuwa na ushahidi tofauti. Jaribio la mwaka 2003 kwa watu 157 wenye Alzheimer halikuonyesha kwamba vidonge hivyo vinawapa usingizi ulio bora waziwazi kuliko vidonge bandia. Mwaka 2008 nchini Uholanzi, wazee 189 wa nyumba za matunzo walifuatiliwa. Taa kali za mchana zilipunguza kidogo kasi ya kupoteza kumbukumbu. Melatonini iliwasaidia kupata usingizi upesi zaidi, lakini ilipotolewa bila taa hizo ilizidisha huzuni. Nako Kanada mwaka 2017, chupa 31 za madukani zilipimwa, na nyingi zikakutwa na kiasi tofauti sana na kilichoandikwa kwenye lebo.

Matumaini ya kuulinda ubongo, yaliyokwama kwa wazee, yamehamia kwenye wodi ya watoto wachanga. Mtoto anayezaliwa amechoka, asilie, mara nyingi huwa ubongo wake umekosa oksijeni. Akishasaidiwa kupumua, ubongo hutulia kwa saa kadhaa, kisha seli huanza kufa kwa wimbi la pili. Ndani ya saa zile chache ndimo tiba inamotakiwa kufanya kazi, kabla ya kifo au mtindio wa ubongo. Kwenye hospitali za nchi tajiri mtoto hupozwa hadi nyuzi kati ya 33 na 34 kwa saa 72.

Afrika Mashariki ilishiriki katika kuijaribu njia hiyo. Mwaka 2008 Nicola Robertson wa University College London (UCL), pamoja na madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha jaribio dogo la kuwapoza watoto kwa chupa za maji badala ya mashine. Ilidhihirika kwamba kupoza hivyo kunawezekana, ila vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopozwa, na watoto walikuwa wachache mno kutolea hukumu. Hukumu ilikuja mwaka 2021 kutoka India, Sri Lanka na Bangladesh, katika utafiti wa watoto 408. Waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31.

Kwa hiyo tiba iliyoaminika Ulaya ilishindwa kule ambako watoto wa namna hii ni wengi zaidi, na pengo hilo ndilo linaloipa melatonini uzito. Mwaka 2013 kundi la Robertson lilionyesha kwamba vitoto vya nguruwe vilivyopewa melatonini pamoja na kupozwa viliumia ubongo kidogo kuliko vilivyopozwa tu. Mwaka 2015 madaktari wa Misri walichapisha jaribio dogo kwa watoto wenyewe, na waliopewa homoni hiyo juu ya kupozwa walipata degedege kidogo zaidi.

Ahadi hiyo bado inasubiri uthibitisho. Mzazi asikimbilie duka la dawa kumnunulia mtoto vidonge vya kulalia, kwani kipimo kilichotumika kwenye tafiti hizi ni kikubwa na hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali. Kinachohitajika ni jaribio kubwa, lifanyike kwenye wodi za huku kwetu. Somo la mwaka 2021 ni kwamba tiba iliyofaulu kwingine yaweza kumdhuru mtoto wa hapa, na hiyo ndiyo sababu ya kutoingoja London itupatie jibu.