Kutoka Simu ya Maandishi hadi Modemu: Istilahi za Laini Isiyoshika

Neno simu asili yake ni Kiajemi, na huko lina maana ya waya. Lilipoingia katika Kiswahili lilibebeshwa mengi: simu ya maandishi ikawa telegramu, simu ya mdomo ikawa mazungumzo ya mbali, na simu ya upepo ikawa mawasiliano yasiyo na waya. Wazee wetu walikipa kila chombo jina kwa kubainisha njia ya ujumbe wake. Ukanda wa mpaka wa Tunduma nao si mgeni wa waya: mwanzoni mwa karne ya 20, telegrafu ya Cecil Rhodes ilitoka kusini, ikapita Abercorn, ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia, ikafika Ujiji.

Karne moja baadaye waya wa simu ulitwishwa mzigo mpya, yaani intaneti. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, na kabla Mkongo wa Taifa haujapita Tunduma kuelekea Zambia, aliyetaka intaneti kwa laini ya simu alihitaji modemu. Modemu bora ilipokea biti 56,000 kwa sekunde. Laini yenye kelele ilipunguza kasi hiyo sana. Tunduma wakati huo ilikuwa ya Mkoa wa Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Hata hivyo, Kiswahili hicho kilikaa katika madirisha na menyu. Programu ya pppd, ambayo katika Linux husimamia muungano wa simu, iliendelea kuandika taarifa zake kwa Kiingereza. Basi mtumiaji alikuta lugha yake mahali penye raha, akaikosa mahali penye shida.

Naye alisema nini? "Haishiki." Neno hilo moja lilifunika hitilafu tano. Huenda Linux haikuitambua modemu, kwa kuwa modemu nyingi za bei nafuu zilitegemea programu ya Windows. Huenda haikusikia mlio wa laini. Huenda modemu mbili zilishindwa kupatana kwa sababu ya kelele. Huenda jina au nywila ilikataliwa. Au muungano ulikamilika, lakini seva ya majina haikujulikana: anwani ya tarakimu hujibu, jina halijibu. Kila hitilafu ina dawa yake, na asiyeweza kuitaja hawezi kuitibu.

Lugha yetu haikupungukiwa. Kutoshika ni kutofika kabisa; kukatika ni kufika kisha kutengana; kukatwa kuna mkataji. Tofauti hizi, ambazo mnyambuliko wa vitenzi hutupa bila gharama, zingetosha kuanzia istilahi za mlio, mapatano, utambulisho, anwani na majina.

Laini hizo sasa zimeachia nafasi mkongo na simu za mkononi, lakini funzo limebaki. Wanaosanifu istilahi wasiishie kwenye jina la chombo. Wasanifu pia majina ya maradhi yake. Hapo ndipo mtumiaji wa Tunduma ataweza kumweleza fundi aliye mbali tatizo lake, wakaelewana.