Sebene Inaanzia Wapi? Historia Fupi kwa DJ Anayeanza

Vijana wengi wanaokuja kuniuliza habari za u-DJ huanza na mashine. Miksa ni bei gani? Laptopu ya zamani itatosha? Programu gani inamiksi yenyewe? Ni maswali ya haki, maana hapa Nakivale hakuna mtu anayeokota pesa. Lakini naona yanakuja mapema mno. Swali la kwanza lingekuwa hili: ule wimbo unaotaka kuupiga, mchezaji anauingilia wapi? Na la pili: ukiupiga, ni akina nani watabaki wamekaa kwenye mabenchi?

Nimeamua kuandika historia, siyo orodha ya masharti, kwa sababu karibu kila mbinu ya DJ ilitoka kwa mtu fulani aliyekuwa na shida fulani. Ukiijua ile shida, mbinu yenyewe unaielewa. Usipoijua, unabonyeza tu vitufe. Tena utaona jambo jingine: wengi wa watu hao walikuwa wageni katika miji waliyoishi, au watu waliofungiwa milango.

Kingston: aliye na bafle ndiye mwenye fete

Tuanze Jamaika, miaka ya 1950. Bendi nzuri zilipiga kwenye mahoteli na kumbi za wenye pesa. Mtaani, mtu aliyekuwa na mashine ya santuri, amplifaya na spika kubwa (sisi tuliotoka Kongo tunasema bafle) alizipanga uwanjani, akauza vinywaji, watu wakacheza mpaka usiku mkubwa. Majina yaliyovuma ni Tom the Great Sebastian, Duke Reid na Clement Dodd aliyeitwa Coxsone.

Ushindani wao ulikuwa mkali. Ukiwa na santuri ambayo mwenzako hana, watu wote wanahamia kwako. Basi walikuwa wanakwangua lebo za santuri ili mpinzani asisome jina. Coxsone alikuwa na wimbo mmoja wa Mmarekani Willis Jackson, akaubatiza "Coxsone Hop" kana kwamba ni wa kwake. Ilichukua muda mrefu mpaka Duke Reid alipoupata na kuupiga mbele ya watu.

Funzo la hapo ni kwamba mali ya kwanza ya DJ ni kutafuta. Leo vijana wote wanadownload nyimbo zilezile hamsini, halafu wanashangaa kwa nini hakuna anayewatofautisha. Kijana anayemuuliza bibi yake walicheza nini kule Uvira, akamuuliza jirani Mrundi, akamuuliza na Msomali wa dukani, huyo ana kitu ambacho wengine hawana. Tena hahitaji kukwangua lebo.

Bronx, tarehe 11 Agosti 1973

Mtoto mmoja wa Kingston, Clive Campbell, alizaliwa mwaka 1955 akahamia New York mwaka 1967, akiwa na miaka 12. Walikaa Bronx, mtaa ambao barabara kuu ilikuwa imepasuliwa katikati yake na familia nyingi kuondolewa. Majengo mengi yaliachwa yaharibike, mengine yakaungua. Shuleni walimcheka kwa matamshi yake. Nadhani msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa hiyo ni hali gani.

Baadaye Clive alijulikana kama DJ Kool Herc. Tarehe 11 Agosti 1973 dada yake Cindy aliandaa fete kwenye ukumbi wa jengo walimoishi, namba 1520 Sedgwick Avenue. Cindy alitaka pesa za nguo za shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Kaka yake akapiga muziki kwa mitambo ya baba yao. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa kuzaliwa kwa hip hop.

Herc hakuwa na maajabu ya kiufundi. Alikuwa na macho. Aliona kwamba kuna wachezaji wanaosubiri. Wimbo unaimbwa, wao wamesimama pembeni. Ikifika sehemu fupi ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma na besi zinabaki peke yake, wanaruka katikati. Shida ni kwamba sehemu hiyo ilikuwa ya sekunde chache tu. Basi akachukua santuri mbili za wimbo uleule: hii ikimaliza kile kipande, anaanzisha kilekile kwenye ile nyingine, huku anarudisha ya kwanza nyuma. Sekunde chache zikawa dakika nyingi.

Sasa sisi, bana, jambo hili tunalijua kwa jina jingine. Katika rumba ya Kongo, sehemu ya mbele ni ya hadithi: mwimbaji anabembeleza, watu wanacheza wawili wawili taratibu. Halafu magitaa yanachukua usukani, ngoma inachangamka, na hata mzee aliyesema mgoti unamuuma anasimama. Hiyo ndiyo sebene. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaïko Langa Langa wakaweka atalaku, mtu wa kupiga kelele na kuwachochea wachezaji, na sebene ikazidi kurefuka. Kinshasa waliirefusha kwa vidole vya wapiga gitaa. Bronx waliirefusha kwa santuri mbili, maana bendi hawakuwa nayo. Shida ilikuwa moja.

Kwa hiyo zoezi la kwanza halihitaji mashine hata moja. Chukua simu, karatasi na kalamu. Sikiliza wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, uandike: kuimba kunaanza dakika ya ngapi, sebene inaanza ya ngapi, sauti zinarudi ya ngapi, wimbo unafungaje. Fanya hivyo kwa nyimbo ishirini. Ukimaliza, utawapita wengi wenye laptopu nzuri.

Aliyefuata ni Grandmaster Flash, jina lake Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados aliyekulia Bronx. Alisomea ufundi wa umeme shuleni. Alimpenda Herc lakini hakupenda jinsi kipande kimoja kilivyokuwa kinaingia ovyo juu ya kingine. Akaichora santuri alama kwa kalamu ya rangi ili ajue airudishe mizunguko mingapi, na akatengeneza swichi ya kusikiliza santuri ya pili kwenye hedifoni kabla watu hawajaisikia. Kile kitufe chenye picha ya hedifoni unachokiona kwenye miksa kinafanya kazi hiyo hiyo.

Kuunganisha bila watu kushtuka

Upande mwingine wa New York, karibu na mwaka 1970, DJ Francis Grasso alikuwa anapiga katika klabu ya Sanctuary, jengo lililokuwa kanisa hapo awali. Yeye anakumbukwa kwa kulinganisha mapigo: nyimbo mbili zinaenda pamoja kwa mwendo mmoja, na mchezaji hajui alivuka wapi. Kazi ilikuwa ngumu, maana mashine za wakati ule hazikurekebishika vizuri. Kampuni ya Technics ilitoa SL-1200 mwaka 1972, na mwaka 1979 ikatoa toleo la pili lenye kitelezi cha kupunguza au kuongeza mwendo kwa asilimia 8. Vitelezi vya kwenye programu za leo vinaiga kile.

Hesabu yake ni nyepesi. Wimbo mmoja una mapigo 112 kwa dakika, mwingine 120. Ukipandisha wa kwanza kwa asilimia 7 hivi, unakutana na wa pili. Halafu hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ukirudia mara nane umefika mapigo 32, na nyimbo nyingi za hausi na amapiano hubadilika hapo. Ingiza wimbo mpya kwenye "moja" ya duru hiyo, siyo popote. Na besi mbili zisipigwe pamoja: punguza ya wimbo unaoingia, kisha zibadilishane nafasi. Besi mbili zikigongana, bafle inanguruma na watu wanasimama bila kujua kwa nini.

Kuhusu kitufe cha sync, sioni aibu kukitumia. Lakini kinawapotosha vijana kwenye muziki wetu wa zamani. Amapiano imetengenezwa kwa kompyuta, mwendo wake haubadiliki. Rumba ya miaka ya 1970 ilipigwa na watu wenye mikono; mpiga ngoma anachangamka, na sebene inaweza kwenda mbio kuliko mwanzo wa wimbo. Programu inahesabu mwanzo, inakupa namba moja, halafu mbele mnapishana. Hapo utasaidiwa na sikio tu: hedifoni sikio moja, uwanja sikio la pili, kidole kwenye kitelezi.

Nyimbo zenye mwendo wa mbali sana nazo zina njia. Singeli ya Dar es Salaam inakimbia mapigo 200 kwa dakika na kupita. Usijaribu kuivuta ifike 120. Tafuta wimbo wa mapigo 100, kwa mfano dancehall. Kila pigo la dancehall litabeba mapigo mawili ya singeli, na miguu itavuka bila kuulizwa pasipoti.

Mlango wa Warehouse

Mwaka 1977 DJ Frankie Knuckles alitoka New York akaenda kupiga Chicago, katika klabu iliyoitwa Warehouse. Waliojaa pale mwanzoni walikuwa hasa watu weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu ambao milango mingi ya mji haikuwapokea. Tarehe 12 Julai 1979, katika mji huohuo, santuri za disko zilikusanywa kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park zikalipuliwa, na maelfu ya watu wakavamia uwanja. Magazeti yakasema disko imekufa. Knuckles akaendelea kupiga. Alichanganya disko ya zamani na midundo ya mashine, na muziki uliotoka hapo ukaitwa hausi, kutokana na jina la ile klabu. Bila hausi, amapiano ya Afrika Kusini isingekuwa kama tunavyoijua.

Ninaitaja Chicago kwa sababu ya swali la mabenchi. Hapa Nakivale tuko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Kwenye sherehe ya tarehe 20 Juni wote wanakuja. DJ akipiga ndombolo saa mbili mfululizo, Wakongo wanafurahi na wengine wanaondoka kimya kimya. Kesho yake kwenye bomba la maji utasikia: ile fete ilikuwa yao. Hakuna aliyetukanwa, lakini kuna aliyefungiwa mlango, na aliyeufunga ni yule kijana mwenye laptopu. Mimi nimewapa vijana ninaofanya nao kazi sheria moja: hakuna kundi linalokaa benchi zaidi ya robo saa. Ukishindwa kwa sababu hujui nyimbo zao, basi kazi yako ya wiki inayofuata unaijua.

Kuna la uzito zaidi, na katika eneo letu la Maziwa Makuu haifai kulikwepa. Spika si kitu cha mchezo. Mwaka 1994 nyimbo za mwimbaji Simon Bikindi zilipigwa katika redio ya RTLM nchini Rwanda wakati watu wanauawa. Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15, siyo kwa nyimbo zenyewe, bali kwa maneno ya kuchochea mauaji ya Watutsi aliyoyatoa barabarani kupitia vipaza sauti vya gari. Mahakama ilikubali pia kwamba nyimbo zake zilichochea chuki. Kwa hiyo mtu akikuletea flashi akasema "piga hii, ni kali", na huelewi lugha yake, usiipige. Tafuta anayeielewa akuambie inasema nini. Ukishika maiki, chochea wachezaji, usichochee watu. DJ ndiye mtu pekee kwenye uwanja ambaye hakuna anayeweza kumzidi sauti.

Pa kuanzia

Huhitaji kusubiri mradi. Simu mbili na miksa ndogo ya kuazima zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Chagua nyimbo kumi unazozijua vizuri, uziunganishe mbili mbili mpaka ujue zipi zinapendana na zipi zinagombana. Jirekodi, usikilize kesho yake siyo leo. Ukipewa nafasi kwenye fete, omba ile saa ya kwanza ambayo hakuna anayeitaka, watu wakiwa bado wanaingia na kula. Hapo ndipo unajifunza kupiga taratibu, kutazama nani ametingisha kichwa kwa wimbo gani, na kuuacha uwanja ukiwa tayari kwa DJ anayekufuata. Taa nyekundu ya miksa ikiwaka, punguza. Jenereta na bafle ni za watu.

Na kama nyumbani kwenu kuna kaseti zilizovuka mpaka pamoja na wazazi, usizitupe kwa sababu hakuna redio ya kuzipigia. Andika majina yaliyoko kwenye karatasi zake, muulize mzee ni wimbo gani, ulichezwa wapi, na sebene yake inaanzia wapi. Halafu uutafute.