Mtunzi na Wapigaji Wake

Kitenzi 'tunga' kina maana zaidi ya moja. Tunatunga mashairi, na tunatunga shanga katika uzi. Nikisikiliza santuri za Duke Ellington, mtunzi wa jazi wa Marekani aliyefariki 1974, huona maana hizo mbili zimekutana: uzi ni wake, shanga ni wapigaji.

Ellington hakuiandikia tarumbeta tu, alimwandikia mtu. Chukua 'Concerto for Cootie', iliyorekodiwa Machi 1940. Cootie Williams anaziba na kuzibua mdomo wa tarumbeta kwa kikombe cha mpira, kile cha kuzibulia sinki, hadi chombo kinanguruma. Kisha anakiachia kiimbe wazi. Mwaka huo huo alihamia bendi ya Benny Goodman. Noti zilibaki kwenye karatasi. Ile sauti iliondoka na mwenyewe.

Kinyume chake pia kipo. 'Diminuendo and Crescendo in Blue' ilirekodiwa 1937 ikiwa vipande viwili. Huko Newport, Julai 1956, Paul Gonsalves aliviunganisha kwa solo ya saksafoni ya mizunguko 27, umati ukainuka kucheza. Utunzi ni ule ule, lakini nani angesema kazi ni ile ile?

Basi sisi wahakiki tukitaja mtunzi na kunyamaza, tunawadhulumu wenzake. Jalada la santuri hubeba jina moja kwa herufi kubwa. Sikio makini, jamani, huuliza: na hapo anayepiga ni nani?