Kabla ya Intaneti Kulikuwa na Redio: Funzo kwa Shule Zetu Ndogo

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo tuliweke jembe pembeni kidogo. Kwenye mikutano ya vijiji siku hizi kuna ajenda inayorudi mara kwa mara: wazazi wachangie kompyuta au televisheni ili shule zetu ndogo zisome kwa mtandao, mwalimu mmoja wa hisabati afundishe shule tatu kwa pamoja. Kabla hujatoa fedha yako ya tumbaku au mahindi, ijue historia. Jambo hili si geni nchini kwetu.

Sisi wa Itetemia, palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, tunaijua thamani ya habari inayowahi. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara tangu Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku. Redio ilipokuja, elimu haikuhitaji kusafiri kwa miguu tena.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya majaribio madogo, mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyoendeshwa kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na redio ya taifa. Wazee wako wanaikumbuka, waulize. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi nchi nzima. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai", nayo ikawafikia watu milioni moja na zaidi.

Sasa sikiliza siri ya mafanikio yale. Redio ilikuwa sehemu moja tu ya kazi. Kabla ya "Mtu ni Afya" kuanza, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Kila kikundi kilikuwa na siku yake, saa yake na vitabu vyake. Watu walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba, kuchemsha maji. Redio ikikosa betri, kitabu kilikuwepo na kiongozi alikuwepo, kwa hiyo somo liliendelea.

Mfano wa karibuni uko Tanga. Kati ya 2017 na 2019, katika mashindano ya XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji zaidi ya 150 walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Baada ya miezi 15, wengi waliweza kusoma maneno ambayo mwanzoni hawakuyajua. Lakini angalia: masomo yalikuwa ndani ya tableti, hayakutegemea bando. Vijiji vilifungiwa umeme wa jua wa kuchajia. Aliyepanga yale alianza na swali la chaji na mtandao, ndipo akagawa vifaa.

Na mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa UVIKO-19, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Mtoto asiye na chombo nyumbani, wala mtu wa kukaa naye, alibaki nyuma ya wenzake.

Kwa hiyo, ajenda ikiletwa kijijini kwenu, usiseme "ndiyo" wala "hapana" haraka. Iulize kamati ya shule mambo haya:

1. Nani atakaa darasani na watoto wakati mwalimu yuko kwenye skrini? Huyo ndiye kirangozi wa msafara. Bila yeye mzigo haufiki.
2. Umeme ukikatika au mtandao ukigoma, somo litaendelea kwa kitu gani? Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba yake ya mtandao. Shule moja yenye mtandao mzuri iulize Taasisi kama inaruhusiwa kuvipakua na kuzigawia jirani zake kwa flashi.
3. Bando na matengenezo vitalipwa na nani mwaka wa pili, michango ikipoa?
4. Ratiba za shule zote tatu zinalingana? Saa ya somo isiangukie saa ya watoto kuchota maji au kuvuna.
5. Baada ya somo, mtoto atafanya zoezi gani, na nani atalisahihisha?

Majibu yakiwepo, changia kwa moyo mweupe, maana mtoto wa shule yenye mwalimu mmoja wa hisabati anafanya mtihani uleule wa taifa anaoufanya mtoto wa mjini. Majibu yasipokuwepo, omba mkutano uahirishwe wiki mbili yatafutwe. Wiki mbili ni chache kuliko miaka ambayo kompyuta inaweza kukaa imefungiwa stoo ya mwalimu mkuu, ikifunikwa na vumbi.