Uhakiki wa Albamu: Kantri, Jazi na Hevi Metali

Uhakiki wa albamu ni andiko linaloeleza kilichomo katika santuri, namna kilivyorekodiwa na thamani yake kwa msikilizaji. Mhakiki hapimi nyimbo peke yake. Hupima pia zilivyopangwa, ala zilizochaguliwa na mkono wa fundi mitambo aliyezichanganya sauti. Kazi huwa ngumu zaidi anapotoka aina moja ya muziki kwenda nyingine, maana kibaba cha mchele hakipimi kanga.

Mfano mzuri ni wa jazi. Januari 1962 jarida la DownBeat, lililoanzishwa Chicago mwaka 1934, liliikabidhi albamu moja kwa wahakiki wawili. Pete Welding aliipa nyota tano, kiwango cha juu kabisa. John A. Tynan hakuipa hata moja. Albamu yenyewe ni Free Jazz ya Ornette Coleman, iliyorekodiwa New York tarehe 21 Desemba 1960. Vikundi viwili vya watu wanne wanne vinapiga kwa wakati mmoja kwa takriban dakika 37. Spika ya kushoto ina Coleman, Don Cherry, Scott LaFaro na Billy Higgins. Ya kulia ina Eric Dolphy, Freddie Hubbard, Charlie Haden na Ed Blackwell. Vifungu vifupi vilivyopangwa mapema hutenganisha zamu za wapigaji, na karibu yote yaliyobaki yalibuniwa papo hapo.

Anayetafuta beti na kiitikio humo ataondoka mikono mitupu. Albamu hii inafaa isikilizwe mara tatu: kwanza kushoto, kisha kulia, mwisho pande zote. Hapo ndipo husikika jinsi mmoja anavyoanzisha neno na wenzake wanavyomdakia. Kwangu mimi Welding alisikia vema zaidi, lakini ninachokiheshimu kuliko nyota zake ni uamuzi wa wahariri kuchapisha hukumu zote mbili kwa pamoja na kumwachia msomaji masikio yake.

Jazi humdai mhakiki pia aseme amesikiliza toleo gani. Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa kwa siku mbili mwaka 1959, tarehe 2 Machi na 22 Aprili. Siku ya kwanza mashine ya kunasa sauti ilikwenda taratibu kidogo kuliko ilivyopaswa, hivyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilisikika juu kidogo ya sauti yake halisi. Kosa hilo lilisahihishwa katika toleo la mwaka 1992. Kwa zaidi ya miaka 30 watu walikuwa wameisifu, kuichambua na kujifunzia ala zao kwa sauti ambayo Davis na wenzake hawakuipiga.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana tahadhari yake ya ziada. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na hata OK Jazz ya Kinshasa zilibeba jina hilo huku muziki wao ukiwa hasa rumba na dansi. Kuzihakiki kwa mizani ya Coleman ni kuzidhulumu.

Katika kantri, hadithi na sauti ya msimuliaji ndizo hubeba mzigo. Mwimbaji Willie Nelson alipopeleka Red Headed Stranger mwaka 1975, baadhi ya wakubwa wa lebo yake ya Columbia walidhani ni rekodi ya majaribio, kwa jinsi ala zilivyokuwa chache. Mkataba wake ulimpa kauli ya mwisho, ikatoka vilevile, na wapenzi wa kantri wakaipokea kwa mikono miwili. Uchache ule unaifaa hadithi ya mhubiri aliyeua na sasa anatangatanga peke yake. Hata hivyo, uhalisi wa kantri usiaminiwe macho yamefumbwa. Johnny Cash alirekodi At Folsom Prison mbele ya wafungwa huko California tarehe 13 Januari 1968, lakini shangwe maarufu inayofuata mshororo wa mauaji katika wimbo wa kwanza iliongezwa baadaye studio. Albamu inabaki kubwa. Ila msomaji anastahili kuambiwa.

Hevi metali ndiyo iliyoumizwa zaidi na mizani ya kuazima. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Uingereza tarehe 13 Februari 1970, ilirekodiwa kwa takriban siku moja. Lester Bangs wa jarida la Rolling Stone aliilinganisha na bendi ya Cream akaiona duni. Hata hivyo ilifika nafasi ya 8 katika chati za Uingereza. Alichokipuuza Bangs ni uzito. Mpiga gitaa Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham. Akajitengenezea vikofia vya plastiki, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza, sauti ikazidi kushuka na kuwa nzito. Mwaka 1972 Bangs mwenyewe aliandika makala ndefu ya kuwatetea.

Metali hudai pia sikio la fundi. Katika ...And Justice for All ya Metallica, ya mwaka 1988, besi ya Jason Newsted karibu haisikiki. Death Magnetic ya mwaka 2008 ilikandamizwa kwa kutafuta kelele hadi sauti ikakwaruza, na mashabiki wakagundua kuwa nyimbo hizohizo ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi zaidi ya kupumua.

Na mtego wa mizani ya kuazima bado upo. Mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, kikundi cha Martin Kanja na Sam Karugu wa Nairobi. Mayowe ni ya metali. Midundo inatoka kwenye mashine. Mhakiki akilalamika kuwa hamna mpiga ngoma, atakuwa amerudia kosa la Bangs miaka 50 baadaye.