Gaf Daba: Historia Iliyo Vinywani mwa Wazee wa Merti

Msomaji kijana, kando ya mto Ewaso Nyiro, katika nchi kame ya Isiolo, upo mji uitwao Merti. Wenyeji wake walio wengi ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Vita vilivyopiganwa kaskazini mwa Kenya tangu 1963 hata 1967 huitwa vitabuni Vita vya Shifta. Wazee wa Merti wanalo jina lao wenyewe: Gaf Daba, maana yake wakati wa kusimama. Yafaa tujiulize kwa nini watu walioona vita kwa macho yao walivipa jina lisilotaja bunduki.

Asili ya vita hivyo ilikuwa mpaka. Wakati wa ukoloni nchi ya kaskazini ilikuwa imefungwa, na mgeni hakuingia ila kwa kibali. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1962, Uingereza ilituma tume kuuliza maoni ya watu, nao wengi walitaka kujiunga na Somalia. Ombi hilo halikukubaliwa. Waborana wenyewe hawakuwa na shauri moja. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, na Chifu Haji Galma Dido, waliotaka eneo hilo libaki Kenya, waliuawa kwa kupigwa risasi. Mwezi wa Desemba mwaka huo, siku chache baada ya Uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari.

Hata hivyo, jina la Gaf Daba halikutokana na tangazo hilo. Lilitokana na kambi. Mwaka 1966 serikali iliamua kuwakusanya wafugaji mahali pamoja ili wapiganaji wakose chakula na maficho. Katika Isiolo, kambi zilikuwa Merti, Garba Tulla na Modogashe. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda mbali bila ruhusa, na mifugo iliyokutwa nje ya mipaka iliweza kutwaliwa au kupigwa risasi.

Fikiri, msomaji, amri hiyo ilimfanya nini mfugaji. Katika nchi ya mvua haba, mnyama huishi kwa kuhama. Majani yakiisha hapa, kundi huenda kule, na hapa hupumzishwa mpaka mvua nyingine. Ng'ombe hula nyasi. Ngamia hutafuta vichaka vilivyo mbali. Ukiyafungia makundi yote mahali pamoja, malisho huisha upesi, njaa huingia, na maradhi huifuata njaa. Tena ngamia ndiye aliyebeba nyumba na maji ya safari. Aliyepoteza ngamia wake alipoteza maziwa na miguu ya kuhamia kwa wakati mmoja. Basi mzee asemapo kwamba maisha yalisimama, hasemi kwa mafumbo: anaeleza jambo lilivyokuwa.

Mwezi wa Oktoba 1967, Kenya na Somalia zilipatana mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Vita vikaisha, lakini ngamia hawakurudi kwa mkataba. Aliyekuwa tajiri wa mifugo alitafuta kazi ya kibarua mjini, au akashika jembe katika mashamba ya kumwagilia maji yaliyofunguliwa kando ya mto, Merti ikiwamo. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo ya siku zile. Kwa hiyo ushahidi haukufika mahakamani. Ulibaki vinywani mwa watu. Miaka mingi baadaye, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasikiliza watu wa kaskazini, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2013.

Huenda ukauliza: je, kumbukumbu ya mzee yaaminika? Mwanadamu husahau, na huchanganya aliyoyaona na aliyoyasikia. Lakini karatasi nazo zina upungufu wao. Ziliandikwa na waliokuwa nje ya kambi, na neno "shifta" lilimfunika mpiganaji pamoja na mchunga mbuzi. Hapana budi tuvipime vyote viwili. Mwulize mzee ni lipi aliloliona mwenyewe, kisha linganisha na maneno ya wenzake. Asipojua mwaka, mwulize ni zama za Aba Gada gani, kwa kuwa Waborana huhesabu zama kwa vipindi vya miaka minane, na kile cha Jaldesa Liban kilianza 1960 kikaisha 1968. Usiwaulize wanaume peke yao. Mama aliyegawa maziwa kambini anajua ni lini yalikwisha, jambo ambalo huenda hakuna karani aliyeliandika.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi kambi zilipofunguliwa sasa ni mzee wa miaka sabini hivi. Wakubwa wake wengi wamekwisha zikwa. Ikiwa unaye babu au bibi aliyeziona siku hizo, Merti au kwingineko, mwendee na daftari kabla ya likizo kwisha, umsalimu kwa adabu, uandike jina analoliita jambo kabla hujampa jina la kitabuni.